Dirisha Jeusi Lililomkataa Mtanashati

Katika idara ya maji walimwita Bi Dirisha, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Wenzake wote kompyuta zao zilijaa picha za maua, picha za watoto wao na ikoni za rangi rangi za kubofya. Yeye, ukipita nyuma ya kiti chake, ulimkuta amefungua dirisha moja jeusi katikati ya rangi zote hizo. Ndani yake hamna picha, hamna kitufe, ni maandishi meupe tu na kistari kidogo kinachopepesa kikisubiri aandike.

"Mama, leo tena unachungulia kisima?" walimtania.

"Nyie bofyeni," alijibu bila kugeuka. "Mimi naongea nayo."

Alikuwa na miaka arobaini na saba, mwembamba, sauti ya chini, kumbukumbu ndefu. Kumbukumbu ndefu ni sifa njema kwa karani. Kwa mtu aliyemkosea karani huyo, ni msiba.

Aliingia idarani akiwa mpiga chapa, nyuma ya baba yake, ambaye alikuwa fundi bomba pale kwa miaka thelathini na minne. Mafundi walimwita mzee huyo Kidole, kwa kuwa valvu moja ilimla kidole akiwa bado kijana na akaendelea na kazi siku hiyo hiyo mpaka maji yakakatika. Valvu ndiyo hayo magurudumu ya chuma yaliyofukiwa barabarani chini ya mifuniko, ya kufungia na kufungulia maji. Bomba likipasuka na wewe hujui valvu yake, utafunga ya hospitali huku mtaa uliopasuka unaendelea kuogelea. Ramani za idara zilikuwa nusu zimeliwa na mchwa, nusu zilichorwa na watu ambao hawakuwahi kuinua mfuniko. Ramani ya kweli ilikuwa kichwani mwa Kidole.

Macho ya mzee yalipoanza kuingia ukungu, binti yake alishtuka. Akaona mji mzima unakwenda kuzimika pamoja na macho yale. Kila Jumamosi kwa miaka miwili akamshika mkono wakazunguka mtaa kwa mtaa, yeye na daftari, mzee na fimbo ya chuma. Mzee akigonga mfuniko husema: "Andika. Hatua tisa kutoka kona ya kinyozi. Mizunguko kumi na minne. Hii inafungwa kushoto, si kulia, aliyeiweka alikuwa amelewa." Binti akaandika yote, mpaka la ulevi. Walipomaliza, daftari zilikuwa saba na valvu zilikuwa mia sita na kumi na mbili. Mzee wakati huo hakuona tena hata mkono wake mwenyewe.

Kuandika programu alijifunza kwa kitabu cha kuazima na ukaidi wa kurithi. Akatengeneza moja isiyo na urembo wowote. Unaingia kwenye dirisha jeusi, unaita programu kwa jina lake, unaipa faili la mitaa, kisha unaandika mtaa uliopasuka. Inakujibu kwa mistari minne: valvu ipo wapi, hatua ngapi, mizunguko mingapi, inafungwa upande gani. Programu hiyo aliiita Kidole. Mafundi wakaizoea kuliko walivyowazoea wakubwa zao. Wakipiga simu walisema, "Mama, hebu muulize Kidole," naye alimuuliza, na jibu likatoka kabla fundi hajavaa buti.

Ndipo alipoajiriwa Mtanashati.

Kijana wa kuvaa. Shati lake halikujua mkunjo, kwenye viatu vyake ungeweza kujitazama ukachana nywele. Alikuja na shahada na ulimi wa asali, akamwita Bi Dirisha mama tangu siku ya kwanza, akavuta kiti karibu naye na kumuuliza kila kitu. Bi Dirisha hakuwa na mtoto. Alimfundisha kwa moyo wote, akampa hata daftari saba azisome. Jambo moja tu lilimshinda Mtanashati: kuandika amri. Dirisha jeusi lilimchukiza.

"Mama, hii kitu haina pa kubofya?"

Akamhurumia. Akamtengenezea ikoni, picha ya tone la maji lenye neno Maji chini yake. Ukiibofya mara mbili, yenyewe inaliita dirisha jeusi, inaliambia libaki wazi, inamwita Kidole na kumpa faili la mitaa. Kazi yako inabaki kuandika jina la mtaa tu. Mtanashati alifurahi kama aliyevuliwa pingu. Kuanzia hapo hakutaka tena kujua nyuma ya lile tone kuna nini.

Miaka mitatu ikapita. Mtanashati akapanda akawa mkuu wa kitengo, na Bi Dirisha akampigia makofi kwa dhati. Siku moja saa nne asubuhi simu yake ya mezani ikalia. Alikuwa baba yake, akipiga kutoka nyumbani, na mzee hakuwa mtu wa kupiga simu kazini.

"Fungua redio," alisema.

Mtanashati alikuwa redioni. Idara za maji zilikuwa zimeshindanishwa kwa ubunifu na idara yao imeshinda, na mtangazaji alikuwa anamuuliza mshindi ilikuwaje. Sauti ya asali ikaeleza jinsi alivyozunguka mitaa yote kwa miguu, jua na mvua, akihesabu valvu moja baada ya nyingine. Akataja hata ile iliyowekwa na mlevi. Mtangazaji akacheka sana.

Bi Dirisha alipofika nyumbani jioni, baba yake alikuwa amekaa palepale kando ya redio iliyozimwa.

"Huyo ndiye aliyenishika mkono?" mzee aliuliza.

"Hapana, baba."

"Basi mimi nilishikwa na nani miaka miwili?"

Alipika, wakala. Mzee alipomaliza kunawa akasema, taratibu, kama mtu anayeagiza sukari, "Mtafutie kitu cha kumfanya. Mimi ningekuwa naona ningemfungia kwenye shimo la valvu nikakalia mfuniko."

Kwanza alijaribu njia ya haki. Alikwenda kwa mkurugenzi, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kukwepa. Mkurugenzi alimsikiliza huku akisaini barua nyingine.

"Mama, kazi ya idara haina baba wala mama. Sote ni timu moja."

"Sasa mbona redioni timu ilikuwa ya mtu mmoja?"

Mkurugenzi akaweka kalamu chini, akasema atalishughulikia. Wiki iliyofuata barua ikaja: Bi Dirisha amehamishiwa mapokezi, kupokea simu na malalamiko ya wateja, ili kitengo kipewe sura mpya. Chini ya barua, saini ilikuwa ya Mtanashati. Kiti chake akapewa karani binti mgeni, mpole, ambaye naye alionyeshwa lile tone la maji na kuambiwa hiyo ndiyo kazi yote. Mtanashati alipokuwa akipita mapokezi sasa alimpungia vidole viwili, na neno mama lilikuwa limemtoka kinywani kama jino bovu.

Hasira ya Bi Dirisha haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya kukaa. Alipokea simu za watu waliokosa maji, akaandika majina yao kwa mwandiko mzuri, na ndani yake akawa anapika. Kumfuta Kidole kulihitaji mstari mmoja tu. Siku moja wakati wa chakula cha mchana, karani alipotoka, alikaa kwenye kiti chake cha zamani, akafungua dirisha jeusi, akauandika mstari huo mzima. Kidole chake kikasimama juu ya kitufe cha mwisho.

Akaona mtaa wa wenye nyumba za udongo, ule ulio bondeni, maji yakiingia kwenye vyumba na fundi akizungukazunguka hajui afunge wapi. Hao hawakumkosea. Akafuta mstari herufi moja moja. Kisha macho yake yakatua kwenye tone la maji pembeni mwa skrini. Kidole alikuwa mali ya watu wote wanaokunywa maji. Lakini lile tone alilitengeneza kwa huruma yake mwenyewe, kwa ajili ya mtu mmoja, na huruma mtu hukabidhiwa, haibiwi. Huruma hiyo sasa ilikuwa imekwisha. Alirudi mapokezi akiwa mtulivu kuliko alivyokuwa kwa miezi.

Alingoja wiki tano. Ikatangazwa kwamba wageni kumi na watano kutoka idara za maji za miji mingine watakuja kujionea ubunifu ulioshinda. Kompyuta yenye Kidole ingepelekwa ukumbini na kuunganishwa na projekta ili kila mtu aone ukutani.

Asubuhi ya siku hiyo, saa tatu kasoro robo, ukumbi ulikuwa mtupu na viti vimepangwa. Bi Dirisha aliingia na kitambaa cha kufutia vumbi, kwa kuwa maua na maji ya kunywa ya wageni yalikuwa juu yake. Akafuta meza. Akafuta kibodi. Akaifuta na ile ikoni, na hakuiacha hata kwenye pipa la takataka. Kidole mwenyewe, faili la mitaa, kila kitu kingine alikiacha kilipokuwa. Alijua kwa moyo valvu mia sita na kumi na mbili, kwa hiyo hakuna nyumba ingezama kwa sababu yake asubuhi ile.

Saa nne na robo, simu ya mapokezi ililia. Mwanamke mmoja alisema bomba limepasuka nyuma ya shule ya viziwi, maji yanaruka juu ya ukuta. Bi Dirisha hakuomba kitu hiki. Kililetwa tu mlangoni. Kabla hajafanya lolote alimpigia fundi wa zamu.

"Nenda kwenye ukuta wa shule ya viziwi, upande wa seremala. Hatua ishirini na mbili kutoka mlingoti. Mizunguko tisa, kulia."

"Sawa, mama. Kidole kasema?"

"Kasema."

Aliposikia buti za fundi zinakimbia uani, ndipo alipoandika taarifa kwenye karatasi, akapanda ngazi polepole, akagonga mlango wa ukumbi.

Mtanashati alikuwa amesimama mbele na koti jipya, ameshamaliza hotuba. Alipoisoma karatasi uso wake uling'aa.

"Mabibi na mabwana, bahati yetu. Bomba limepasuka kweli, sasa hivi. Mtaona kwa macho yenu."

Akashika kipanya. Ukutani kila mtu aliona mshale ukienda pembeni mwa skrini, pale tone lilipokuwa likikaa, ukasimama juu ya patupu. Ukazunguka. Ukashuka, ukapanda. Bi Dirisha alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono ameikunja tumboni, kama mtu anayesubiri kutumwa.

Mtanashati alifungua folda moja, nyingine, ya tatu. Ndani yake akakuta faili lililoandikwa kidole, akalibofya mara mbili. Dirisha jeusi likaruka likafunguka, likajifunga kabla jicho halijapepesa. Akabofya tena. Likaja likaenda. Mara ya nne wageni wawili wa nyuma wakaanza kunong'onezana.

Kilichotokea ni kitu chepesi sana kwa anayejua. Kidole akiitwa bila kupewa faili la mitaa, huandika mstari mmoja, "Nipe mitaa", halafu huondoka, na dirisha lililofunguliwa kwa ajili yake huondoka naye. Ni sawa na kumgongea mtu, akafungua mlango, akasema sina cha kukuambia, akaufunga. Ili umsome anasema nini ni lazima uingie kwanza wewe ndani ya dirisha jeusi, kisha umwite kutoka humo. Hilo Bi Dirisha alimfundisha Mtanashati mara sita.

Katika wageni alikuwepo mhandisi mmoja mwanamke, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Samahani," alisema. "Programu hii umeiandika wewe?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Basi fungua dirisha la amri uiite humo humo. Ikikataa, itatuambia kwa nini."

Mtanashati alicheka kidogo, akasema bila shaka. Ilibidi mhandisi mwenyewe amwonyeshe dirisha hilo linafunguliwa wapi. Likafunguka, jeusi, kubwa, ukuta mzima, na kile kistari kikaanza kupepesa. Mtanashati akaandika maji. Mashine ikajibu kwamba haijui amri hiyo. Akaandika fungua maji. Haijui. Akaandika kidole, na hapo alikaribia, ila dirisha jeusi huanzia katika folda moja na Kidole alikuwa katika nyingine. Lazima uhamie kwake kwa amri ndipo umwite. Haijui. Jasho lilimtoka kwenye mstari wa nywele, likashuka shavuni, likaingia kwenye kola ya shati lisilojua mkunjo. Bi Dirisha alilifuata tone lile kwa macho mpaka lilipozama. Dakika kumi na moja alizihesabu kwenye saa ya ukutani, na kila moja aliila kama tende.

"Karani ameharibu mashine," Mtanashati alisema hatimaye. "Jana ilikuwa nzima."

Mkurugenzi, aliyekuwa ameketi mbele kabisa, aligeuka akatazama mlangoni.

"Mama, hebu njoo umsaidie."

"Mimi ni wa mapokezi, mkurugenzi," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Na hii ameitengeneza yeye. Tumesikia wote redioni."

Mhandisi wa miwani akaivaa, akamtazama Bi Dirisha kuanzia juu hadi chini.

"Huko shuleni maji yanamwagika," mkurugenzi alisema, na safari hii sauti ilikuwa ya kuomba.

"Yameshafungwa. Nilimwambia fundi kabla sijapanda ngazi."

Ndipo alipokwenda mbele. Mtanashati hakuondoka kwenye kiti, naye hakumwomba aondoke; alisimama tu karibu yake mpaka mwenyewe akainuka. Aliandika mistari miwili. Kidole akatokea ukutani, akauliza mtaa gani, akajibu kwa mistari minne: upande wa seremala, hatua ishirini na mbili, mizunguko tisa, kulia. Mhandisi aliuliza hizi hatua ni za nani. Bi Dirisha akasema ni za baba yake, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimshika mkono.

Mambo yangeishia hapo, ungekuwa ushindi mtupu. Lakini mchana alimkuta karani binti chooni analia, ameshika barua ya onyo kwa kuharibu mashine ya idara mbele ya wageni. Mtanashati alikuwa ameiandika kabla hata wageni hawajamaliza chai. Katika hesabu zote za kisasi za Bi Dirisha, binti huyu hakuwemo.

Aliichukua ile barua mkononi mwake akapanda nayo kwa mkurugenzi.

"Ile ikoni niliifuta mimi," alisema. "Asubuhi, kwa kitambaa mkononi. Huyu mtoto hajui lolote."

"Uliifuta kwa nini?"

"Ili mkuu wa kitengo aonekane alivyo."

"Unajua naweza kukufukuza?"

"Najua. Wageni wakiuliza nimefukuzwa kwa nini, utawaambia nini?"

Barua ya karani ikachanwa. Yeye akaandikiwa yake, onyo kali, na akaisaini bila kubisha kwa sababu kila neno ndani yake lilikuwa kweli. Lakini mhandisi wa miwani naye alikuwa ameandika barua, kwa waliotoa tuzo, na hiyo haikuweza kuchanwa. Mwezi ule ule jina la mshindi likabadilishwa, yakawekwa majina mawili, la mzee na la binti yake. Mtanashati hakufukuzwa. Alishushwa cheo akawekwa kitengoni kama mtumishi wa kawaida, na Bi Dirisha akarudishwa kukiongoza.

Baba yake alitaka asimuliwe kila kitu. Aliposikia habari ya jasho alimsimamisha.

"Lilishuka upande gani?"

"Kulia, baba."

"Hebu rudia hapo."

Alirudia mara tatu. Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akanuna kwamba hawakumfukuza. Alipoambiwa habari ya karani aliyelia aliacha kununa. "Huyo mtafute umtendee jambo," alisema. Bi Dirisha akasema ameshaanza kumfundisha, na kwamba binti ana kichwa chepesi.

Yeye mwenyewe alidhani hasira ingekwisha siku ile ukumbini. Haikwisha. Ilipungua ukali ikabaki kama chumvi, na hakuona sababu ya kujidanganya kuhusu hilo. Ikoni hakuitengeneza tena. Aliagiza kila mtu wa kitengo, mafundi kwa makarani, ajifunze kuingia kwenye dirisha jeusi na kumwita Kidole kwa mkono wake. Darasa lilikuwa Jumatano, saa nane mchana, kompyuta nane. Mafundi walikuja na vidole vyao vizito, wakakosea, wakacheka, wakapata.

Mtanashati alikaa kompyuta ya mbele, maana nyingine zilikuwa zimejaa. Aliandika, mashine ikamkatalia. Akaandika tena, ikamkatalia. Alikuwa ameruka nafasi moja kati ya maneno mawili, kosa la mtoto. Bi Dirisha alikuwa amesimama nyuma yake na aliliona tangu mwanzo.

Alingoja. Mtanashati alijaribu mara ya tano, akashusha mikono mapajani.

"Naomba unisaidie, mama," alisema, bila kugeuza uso.

"Nimekusikia," alijibu Bi Dirisha, akaenda kwanza kwa fundi wa mwisho kabisa, mstari wa nyuma, akaanza naye.